Sanaa Ndani ya Somo la Sayansi na Teknolojia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusudiwa walimu wa sayansi, hisabati na teknolojia, walimu wa sanaa wanaoombwa kushirikiana nao, na wazazi wanaojiuliza kwa nini mtoto amerudi kutoka kipindi cha fizikia akiwa na mchanga mikononi.

Kuunganisha sanaa na sayansi ni kufanya nini hasa?

Ni kupanga somo ambalo ndani yake kazi ya kisanaa, iwe ni kuchora, kupiga ala, kuigiza, kufinyanga au kusuka, ndiyo njia anayopitia mwanafunzi ili aelewe jambo la kisayansi, huku kazi hiyo ikiendelea kufuata masharti ya sanaa yenyewe. Wengi hudhani kwamba mwanafunzi akishapaka rangi mchoro wa seli au akishaimba majina ya sayari, basi sanaa imekwisha kuingia. Kipimo ninachokitumia ni hiki: iondoe sanaa katika somo hilo, kisha utazame kilichopotea. Ikiwa mwanafunzi angejifunza jambo lilelile kwa kiasi kilekile, sanaa hiyo ilikuwa pambo tu. Pambo halina ubaya, kwani darasa lenye uchangamfu ni bora kuliko darasa lililopooza, ila tusiliite kwa jina lisilo lake.

Somo hili nililipata kwa kukosea. Niliwahi kuwaachia wanafunzi vipindi viwili vizima watengeneze seli kwa udongo wa kufinyangia, wakatoa kazi za kupendeza zenye kiini chekundu na utando wa kijani. Wiki iliyofuata nikawauliza kwa nini utando hupitisha baadhi ya vitu na kuzuia vingine. Hakuna aliyejibu, ingawa wote walikumbuka rangi. Sikuwa nimewapa swali lolote ambalo udongo ungeweza kulijibu. Mwaka uliofuata nilianza na swali: buni kifuko kitakachopitisha maji na kuzuia mchanga laini. Walihangaika na vitambaa na karatasi za kila aina, wakabishana juu ya ukubwa wa matundu, na mmoja wao akauliza mwenyewe ni nini kitatokea ikiwa kitu kinachozuiwa ni kidogo kuliko tundu. Chujio si utando wa seli, bila shaka, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa somo la siku ya pili.

STEM na STEAM vinatofautianaje?

STEM ni kifupisho kinachosimamia sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na kilienea kutoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupitia taasisi ya serikali inayofadhili sayansi, yaani National Science Foundation. Herufi A, ya sanaa, iliongezwa baadaye, na miongoni mwa walioipigia debe zaidi ni chuo cha sanaa cha Rhode Island School of Design wakati kikiongozwa na John Maeda. Korea Kusini iliifanya STEAM kuwa sera ya elimu ya taifa mwaka 2011. Binafsi sioni faida kubwa ya kubishana juu ya herufi, kwa sababu shule inaweza kubandika herufi zote mlangoni na ndani wanafunzi wakaendelea kunakili ubaoni.

Je, huu si mtindo mpya tu wa watunga mitaala?

Kilicho kipya ni utengano. C. P. Snow, aliyekuwa mwanafizikia na pia mwandishi wa riwaya, alipotoa hotuba yake Cambridge tarehe 7 Mei 1959 kuhusu tamaduni mbili zisizosemezana, ile ya wanasayansi na ile ya wasomi wa fasihi, alikuwa akilalamikia ufa ambao wasomi wa karne kadhaa kabla yake wasingeutambua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Mwezi. Katikati ya mwaka 1609 Mwingereza Thomas Harriot aliutazama Mwezi kwa darubini na kuuchora, miezi kadhaa kabla ya Galileo. Mchoro wake wa kwanza unaonyesha mstari wenye mikwaruzo unaogawa upande wa nuru na upande wa giza, pamoja na madoa ambayo hakuyafafanua. Galileo alipoielekeza darubini yake hukohuko mwishoni mwa mwaka uleule, aliuona mstari uleule wenye mikwaruzo. Lakini yeye alikuwa amejifunza kuchora, na alijua namna wachoraji wanavyotumia kivuli kuonyesha kilichoinuka na kilichobonyea. Kwa hiyo pale Harriot alipoona madoa, Galileo aliona vilele vilivyowahi kupata jua huku mabonde yakiwa bado gizani. Alikadiria kwamba baadhi ya vilele hivyo viko ndani ya upande wa giza kwa umbali wa takriban sehemu moja ya 20 ya kipenyo cha Mwezi, akatumia kanuni ya Pythagoras, na kuhitimisha kwamba milima ya huko ina kimo cha zaidi ya maili 4 za Kiitalia. Matokeo hayo, pamoja na picha, aliyachapisha mwaka 1610. Darubini ya Galileo ilikuza zaidi, ni kweli, lakini macho nayo yalikuwa yamefunzwa tofauti.

Jambo hilo linaweza kurudiwa darasani kwa taa moja na karatasi iliyokunjwakunjwa. Weka taa ubavuni mwa karatasi ndani ya chumba chenye giza, uwaambie wanafunzi wachore vivuli tu bila mstari wowote wa ukingo, kisha uisogeze taa juu taratibu na wachore tena. Wakifika kwenye mchoro wa tatu, wengi wao huanza kueleza kimo kwa urefu wa kivuli kabla hujatamka neno «pembe».

Kuchora kuna faida gani siku hizi ambapo kila mtu ana kamera?

Kamera hupokea kila kitu bila kuchagua, ilhali mchoraji hulazimika kuamua: mstari huu unaishia wapi, mshipa huu unaungana na ule au unapita kando yake? Kila uamuzi wa namna hiyo ni swali la kisayansi. Santiago Ramón y Cajal, aliyetamani kuwa mchoraji tangu utotoni na ambaye baba yake alimvuta kwenye udaktari kwa kumchoresha mifupa, alitumia mbinu ya kutia rangi kwa madini ya fedha iliyobuniwa na Camillo Golgi ili kuzitazama seli za neva kwa hadubini. Mara nyingi alitazama kwa saa nyingi kisha akachora, akikusanya katika picha moja yale aliyoyaona katika vipande vingi. Golgi aliyaona mambo hayohayo kwa mbinu hiyohiyo akaamini kwamba mfumo wa neva ni wavu mmoja ulioungana; Cajal alisisitiza kwamba ni seli zilizo mbalimbali. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1906 huku wakiendelea kupingana, na baadaye Cajal ndiye aliyeonekana kuwa sahihi.

Darasani, zoezi la jani linatosha. Mwambie mwanafunzi achore jani kwa kumbukumbu tu. Karibu kila mmoja atachora umbo la tone la maji lenye mstari mmoja katikati na vijistari vinavyolingana pande zote mbili. Kisha mpe jani halisi na maswali matatu: je, mishipa ya kulia na ya kushoto huanzia mahali pamoja? Je, inafika ukingoni au inajipinda kabla? Kati ya mshipa na mshipa kuna nini? Mchoro wa pili huwa na makosa ya uwiano na mistari iliyofutwafutwa, lakini ni mchoro wa jani lile, si wa jani la kufikirika. Sharti la mwalimu wa sanaa, kwamba penseli ichongwe na mstari uchorwe mara moja bila kukwaruza, linakuwa pia sharti la mwalimu wa biolojia, kwa kuwa mstari uliokwaruzwa mara tano hauwezi kupimwa.

Faida hii haiishii kwa watoto. Katika Chuo Kikuu cha Yale, wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa kwanza walipelekwa jumba la sanaa kutazama na kueleza michoro kwa kina, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba uwezo wao wa kueleza dalili walizoziona katika picha za wagonjwa uliongezeka kuliko wa wenzao waliofuata mafunzo ya kawaida.

Muziki unaingiaje katika fizikia na hisabati?

Unaingia kwa mlango mkuu, kwa sababu sauti ni mtetemo na mtetemo hupimika. Tandaza waya wa gitaa juu ya ubao kati ya vigingi viwili vilivyoachana sentimita 60, uukaze mpaka utoe noti ya mitetemo 220 kwa sekunde, yaani hezi 220. Ukiubana waya katikati, ili kipande kinachotetema kiwe sentimita 30, utasikia noti ileile ikiwa juu kwa oktavu moja, yaani hezi 440. Ukibana ili ibaki sentimita 40, utapata hezi 330, noti ambayo masikio ya wengi huipokea kuwa imepatana vizuri na ile ya kwanza. Waache wanafunzi watafute mahali pa kubana kwa kusikiliza tu, waweke alama, kisha ndipo wachukue rula. Uwiano wa 2 kwa 1 na wa 3 kwa 2 ukigunduliwa na sikio kwanza, hausahauliki kama ule ulioandikwa ubaoni.

Kisha kuna kitendawili ambacho hakuna mwanafunzi wa hisabati anayepaswa kumaliza shule bila kukutana nacho. Ukipanda kwa uwiano wa 3 kwa 2 mara 12 mfululizo, unatarajia kufika kwenye noti ileile uliyoanza nayo, ikiwa juu kwa oktavu 7. Hesabu inakataa: 1.5 ikizidishwa yenyewe mara 12 inatoa takriban 129.75, ilhali 2 ikizidishwa yenyewe mara 7 inatoa 128. Pengo hilo la takriban asilimia 1.4 linasikika, na mafundi wa ala walihangaika nalo kwa karne nyingi. Suluhisho linalotumika katika kinanda cha leo ni kuigawa oktavu katika hatua 12 zinazolingana, kila moja ikiwa ni takriban mara 1.0595 ya ile iliyotangulia, jambo ambalo maana yake ni kwamba karibu kila mwafaka katika kinanda umepunguzwa au kuongezwa kidogo kwa makusudi. Hapo mwanafunzi anakutana na kipeuo cha 12 cha 2 akiwa na sababu ya kukihitaji.

Kwa upande wa mawimbi, jaribio la Ernst Chladni, alilolichapisha mwaka 1787, bado halijapitwa. Bati jembamba lililoshikizwa katikati hunyunyiziwa mchanga, kisha ukingo wake husuguliwa kwa upinde wa fidla. Mchanga hukimbia sehemu zinazotetema na kujikusanya pale bati lilipotulia, ukiacha michoro yenye ulinganifu wa ajabu. Ukihamisha kidole kinachogusa ukingo, mchoro unabadilika pamoja na sauti. Michoro hiyo ilizua swali la hisabati lililowashinda wengi, hadi Sophie Germain alipopata tuzo ya Akademia ya Sayansi ya Paris mwaka 1816 kwa kazi yake juu ya mitetemo ya nyuso zinazonyumbuka. Asiye na upinde wa fidla anaweza kutumia spika iliyofunikwa kwa karatasi ya plastiki iliyokazwa, pamoja na simu inayotoa sauti ya hezi anazozitaka.

Je, michoro ya jadi inaweza kufundisha hisabati halisi, au ni heshima tu kwa utamaduni?

Inaweza, mradi hisabati itafutwe ndani ya mchoro na si kubandikwa juu yake. Wachokwe wa mashariki mwa Angola wana sanaa ya kuchora mchangani iitwayo sona, ambayo mchoraji huweka nukta kwa safu kisha hupitisha kidole kuzizunguka bila kukiinua. Mwanahisabati Paulus Gerdes, aliyefanya kazi Msumbiji kwa miaka mingi, aliichunguza kwa kina. Chukua aina moja rahisi, ambayo mstari hupita kimshazari kati ya nukta na kugeuka kila unapofika ukingoni. Ukiwa na safu 3 za nukta 4, mstari mmoja unazizunguka nukta zote na kurudi ulipoanzia. Ukiwa na safu 4 za nukta 6, huwezi: utahitaji mistari miwili. Safu 3 za nukta 6 zinadai mitatu. Idadi ya mistari ni kigawo kikubwa cha shirika cha namba hizo mbili, ile KKS ambayo wanafunzi hukariri namna ya kuitafuta bila kujua inafanya kazi gani duniani. Waachie wachore michoro 10 na kujaza jedwali, usiwaambie jibu.

Teknolojia na kompyuta je?

Uhusiano huu ni wa damu. Mtambo wa kufuma wa Jacquard, uliotokea Ufaransa mwaka 1804, uliongoza nyuzi kwa kadi zilizotobolewa ili kutoa maua na majani kwenye kitambaa. Mwanahisabati Mwingereza Charles Babbage alichukua kadi hizo kwa ajili ya mashine aliyoibuni ya kukokotoa, na Ada Lovelace, katika maelezo yake ya mwaka 1843, aliona kwamba mashine ya namna hiyo ingeweza hata kutunga muziki kama kanuni zake zingeelezwa ipasavyo.

Kwa darasani, urithi mkubwa zaidi ni lugha ya Logo ya mwaka 1967, iliyobuniwa na Seymour Papert, Cynthia Solomon, Wally Feurzeig na wenzao, lugha ya kuandikia programu ambayo mtoto huamuru «kasa», kwa mfano alama ndogo kwenye skrini, atembee na kuchora. Programu ya Scratch iliyotolewa na maabara ya MIT mwaka 2007 ni mjukuu wake, na kasa wa namna hiyo anapatikana pia ndani ya lugha ya programu ya Python. Mwagize mwanafunzi achore nyota yenye ncha tano. Kwa kawaida huanza kwa kugawa 360 kwa 5, akageuza digrii 72, na kupata pembetano badala ya nyota. Hapo ndipo kazi inapoanza: kasa wa nyota huzunguka mara mbili kabla ya kurudi alipoanza, kwa hiyo jumla ya mageuko ni digrii 720 na kila geuko ni digrii 144. Mwanafunzi anayetaka nyota yake ipendeze hatakata tamaa kwenye jaribio la tatu kama anavyokata tamaa kwenye zoezi la kitabu.

Maigizo yanafaa kwa mada gani?

Yanafaa kwa mambo yasiyoonekana, lakini yanahitaji tahadhari kuliko sanaa nyingine yoyote, kwa kuwa mwili husadiki unachokifanya. Igizo la kawaida la umeme, ambalo wanafunzi huwa elektroni na kukimbia kutoka kwenye betri hadi kwenye balbu, linafundisha kosa: elektroni katika waya wa kawaida husogea polepole mno, mara nyingi chini ya milimita moja kwa sekunde, ilhali taa huwaka papo hapo. Badala yake, wasimamishe katika duara wakiwa wameshika kwa ulegevu kamba moja ndefu iliyofungwa ncha kwa ncha. Mmoja, ambaye ni betri, aivute kamba iende mzunguko. Mwingine, ambaye ni balbu, aibane kidogo. Kamba yote inaanza kusogea kwa wakati mmoja, na mikono ya «balbu» inapata joto. Baada ya hapo waulize ni wapi igizo hili nalo linapodanganya, na usikubali jibu la «hakuna».

Je, utafiti unathibitisha kwamba sanaa huongeza ufaulu katika sayansi?

Hapa watetezi wa sanaa, nami nikiwa mmoja wao, tumezoea kuahidi kupita kiasi. Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapisha jaribio la wanafunzi 36 wa chuo waliosikiliza sonata ya Mozart na kisha kufanya vizuri zaidi katika mafumbo ya maumbo, kwa muda wa dakika 10 hadi 15. Kutokana na dakika hizo 15 ulizuka uvumi kwamba muziki huo huwafanya watoto wachanga kuwa na akili, hadi gavana wa jimbo la Georgia mwaka 1998 akapendekeza kila mtoto anayezaliwa apewe kanda au diski. Majaribio yaliyofuata yaliipata athari hiyo kuwa ndogo au hayakuipata kabisa.

Mwaka 2000 Ellen Winner na Lois Hetland wa kituo cha utafiti cha Project Zero, Chuo Kikuu cha Harvard, walikusanya tafiti za miongo kadhaa. Waliona ushahidi kwamba kujifunza muziki husaidia fikra za maumbo na nafasi, na kwamba maigizo ya darasani husaidia stadi za lugha. Lakini hawakuona uthibitisho kwamba elimu yenye sanaa nyingi, kwa yenyewe, ndiyo inayopandisha alama za masomo mengine. Wanafunzi wanaosoma sanaa mara nyingi hufaulu zaidi, ila huenda wale wanaofaulu ndio wanaochagua sanaa.

Lakini swali la kuweka sanaa ndani ya somo lenyewe la sayansi ni tofauti na lile la kuongeza vipindi vya muziki. Mariale Hardiman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walilinganisha mada zilezile za sayansi zikifundishwa kwa njia mbili katika madarasa ya tano huko Baltimore, na katika matokeo ya mwaka 2019 tofauti ya jumla haikuwa kubwa. Hata hivyo wanafunzi wenye uwezo mdogo wa kusoma walikumbuka zaidi walipofundishwa kwa njia ya sanaa. Matokeo hayo ni ya kiasi, na kwa maoni yangu yana thamani kuliko ahadi za Mozart, kwa sababu yanatuambia ni nani hasa anayeachwa nje pale ambapo kila kitu hupitia kwenye maandishi.

Je, sanaa haigeuzwi kuwa kijakazi wa sayansi?

Mara nyingi hugeuzwa. Liora Bresler, mtafiti wa elimu ya sanaa, alieleza mwaka 1995 kwamba katika shule alizozitazama aina iliyozagaa zaidi ya ujumuishaji ni ile ya sanaa kutumikia somo jingine, na kwamba ile ya masomo mawili kukaa meza moja kwa usawa ni adimu. Dalili ya utumwa ni kwamba mwalimu wa sanaa huitwa mwishoni ili mabango yapendeze. Dawa yake ni kumwita mwanzoni, wakati swali la somo bado halijaandikwa, na kukubali pale anapokataa.

Mwelekeo wa pili pia upo. Mkunjo wa karatasi unaoitwa Miura, uliobuniwa na mhandisi Koryo Miura na wenye undugu na origami, sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi, hufungua karatasi nzima kwa kuvuta pembe mbili tu, na mwaka 1995 Japani iliutumia angani katika kufungua paneli ya jua ya chombo cha Space Flyer Unit. Mwanafunzi akiukunja kwa mikono yake, inamwia vigumu kusema hapo sanaa imeishia wapi na uhandisi umeanzia wapi.

Sijui kuchora wala kuimba. Nifanyeje?

Chora vibaya mbele yao, polepole, ukisema kwa sauti unachokitazama. Unachofundisha ni kutazama. Pale kazi inapohitaji ufundi kweli, mwite anayeujua.

Vifaa ni vya gharama?

Vingi si vya gharama: penseli, mchanga, kamba, karatasi na taa vinatosha kwa karibu kila kilichotajwa hapo juu. Kinachokosekana zaidi ni muda. Ningependelea mada mbili kwa mwaka zilizofanywa kwa vipindi vinne kila moja kuliko dakika kumi za sanaa kila wiki.

Kuna hatari zozote za usalama?

Ndiyo. Baadhi ya rangi za wasanii zina risasi au kadimiamu na hazifai mikononi mwa wanafunzi. Picha za buluu zinazochapwa kwa mwanga wa jua, alizozibuni John Herschel mwaka 1842 na ambazo Anna Atkins alizitumia kutoa picha za mwani kuanzia mwaka uliofuata, ni somo zuri la kemia ya mwanga, lakini moja ya kemikali zake, ferisianidi ya potasiamu, isichanganywe kamwe na asidi kali wala kuchomwa moto. Mwalimu azichanganye kemikali hizo mwenyewe, akiwa amevaa glavu, na wanafunzi wapokee karatasi zilizokwisha kukauka.

Kazi ya namna hii husahihishwaje?

Kwa alama mbili zisizochanganywa. Mchoro wa kuvutia wenye sayansi potofu usipate wastani wa kuridhisha, wala uzembe wa mchoro usifichwe na usahihi wa maelezo yake. Kwa sayansi, mpe mwanafunzi tatizo jipya: kama somo lilikuwa vivuli vya Mwezi, mwonyeshe picha ya sehemu asiyoiona kabla na umwulize nuru inatoka upande gani na ni kipi kirefu zaidi. Kwa sanaa, mwalimu wa sanaa atazame rasimu zote pamoja na kazi ya mwisho, kwa kuwa mabadiliko kati ya rasimu ya kwanza na ya tatu husema mengi kuliko umaridadi. Daftari la rasimu lisichanwe kurasa.

Programu za akili mnemba zinazotengeneza picha zina nafasi gani?

Zina nafasi ya mshtakiwa. Agiza picha ya moyo wa binadamu au ya mdudu, kisha uwape wanafunzi kazi ya kutafuta makosa wakitumia mchoro wao wenyewe na kitabu: idadi ya miguu, mahali inapoungana na mwili, mishipa isiyoelekea popote. Zikitumiwa badala ya mkono wa mwanafunzi, zinaondoa maamuzi yaleyale ambayo kuchora kulikusudiwa kuyaleta.

Je, kuna mada zisizofaa kuunganishwa?

Zipo, na si chache. Kusawazisha milinganyo ya kemikali, kubadili vipimo, na kanuni za usalama wa maabara hujifunzwa upesi zaidi kwa mazoezi ya moja kwa moja. Wimbo wa kukariri jedwali la elementi ni msaada wa kumbukumbu, uimbwe tu bila kuuita ujumuishaji. Pia kuna mada ambazo picha yenyewe ndiyo inayopotosha: atomu iliyochorwa kama mfumo wa jua, elektroni zikiwa sayari, imewakalia wanafunzi vichwani kwa vizazi kadhaa, na mwalimu wa kemia wa madarasa ya juu hutumia majuma kadhaa kuifuta kabla hajaanza kufundisha.